Simu Iliyozunguka Siku Tatu

Benchi la Mama Kijiko, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa banda la mshona viatu, na ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi tu, ndipo lilipo dirisha la ofisi ya kampuni ya pampu za maji. Saa tisa alasiri hiyo Fundi alikuwa amekaa hapo, kompyuta magotini, kahawa imempoa. Ndani ya ofisi ile alikuwa amefunga seva ya simu, mashine inayopokea simu na kuzigawa, kazi yake ya kwanza tangu aache kuajiriwa, akaiunganisha na njia mbili ambazo mafundi huziita trunki za SIP: ya ndani, inayokwenda kwenye ghala lao upande wa pili wa mji, na ya nje, inayoleta simu za wateja kutoka kampuni ya simu. Ya ndani ilikuwa safi kabisa. Simu za nje ziliingia zikapotea, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Meneja alimpa hadi saa kumi: simu ya mteja isipolia ofisini, kazi inakwenda kwa bosi wa zamani wa Fundi, yule yule aliyemwambia mbele za watu kwamba hatafika popote. Fundi alikuwa na hofu, na hakuificha.

Wakili, mshona viatu ambaye mahakama anaijua kwa kushtakiwa tu, ndiye aliyeanza kutoa msaada.

— Mdogo wangu, fahari wawili hawakai zizi moja. Trunki mbili, mashine moja. Zinapigana humo. Toa moja.

— Nikitoa ya nje, wateja watapigaje?

— Waje kwa miguu. Mwenye shida haoni umbali.

Dokta alikohoa. Huyu huuza makava ya simu, na kwa sababu hiyo hujiona daktari wa kila kitu chenye chaji. Alieleza kirefu kwamba Wakili hajui asemalo. Trunki hazipigani, ila simu zimekwama kwenye kona ya waya. Fundi akamwambia hakuna kona, mawasiliano yanapita kwenye intaneti. Dokta akasema basi ni mbaya zaidi.

— Simu za siku tatu zimo humo, zimebanana. Ukizifungulia, zitatoka zote kwa mpigo. Watu mia wanasema alo kwa pamoja! Kioo gani kitabaki? Waambie watu wa ofisini watoke nje kwanza. Kinga ni bora kuliko tiba.

Fundi alicheka bila kutaka, kisha akaangalia saa, kicheko kikamwisha. Kwenye kompyuta aliona kila kitu isipokuwa sababu: simu inaingia ofisini, inakwenda ghalani, inarudi ofisini, inakwenda tena ghalani, mpaka inakata roho.

Mama Kijiko, aliyeitwa hivyo kwa kuwa haruhusu mteja ajikorogee sukari, alisema wote wawili ni wapuuzi. Dada wa mapokezi aliyepokea simu za pale miaka kumi na mmoja alihamishiwa kitengo cha mauzo siku ileile mashine ilipoletwa. Mashine imenuna.

— Simu nayo ina mazoea. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wakili akaafiki, kwa mara ya kwanza mwaka huo, akashauri yule dada arekodiwe akisema alo, mashine ichezewe sauti yake asubuhi na jioni. Dokta akataka iombwe radhi kabisa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Ubishi ukala muda, zikabaki dakika tisa kufika saa kumi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye buti za mpira zilizojaa udongo, pampu ndani ya kiroba begani. Aliutua mzigo, akasalimia, akauliza kama wale wa pampu wapo. Amepiga simu siku tatu, inaita, inaita, inakata. Miche yake inakauka, kwa hiyo ameona aje mwenyewe.

— Jamani, alisema, hivi hapo mtu akipiga, anayetakiwa kupokea ni nani?

Wakili alimtazama Dokta. Dokta alimtazama Mama Kijiko. Fundi akatoa mfukoni karatasi mbili za maagizo. Ya meneja ilisema: simu za nje zote zipelekwe ghalani. Ya mkuu wa ghala ilisema: simu za nje zote zipelekwe ofisini. Alikuwa amezitii zote mbili, neno kwa neno, na sahihi za wakubwa zipo. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

— Hakuna, mama. Kila mmoja amemtaja mwenzake.

Dakika nne. Kwenda kuuliza upya kungeitisha kikao. Fundi akafuta maagizo yote mawili, akaandika namba ya meza moja tu aliyojua kwa hakika ina mtu.

— Piga sasa, mama.

Ng'ambo ya kichochoro simu ikalia. Dokta akajikunyata akiziba masikio. Ikalia mara nne, kisha sauti ya meneja ikasema alo, na yule mama akaanza: pampu, buti, miche, siku tatu, na mengine yaliyomkaa moyoni. Hakusaza. Alipomaliza, kichwa cha meneja kilitokeza dirishani, mkono wa simu bado sikioni.

— Fundi! Nimemsikia vizuri sana huyu mama. Lakini mbona amenipata mimi?

— Mfumo unafanya kazi, mzee. Na saa kumi haijafika.

Meneja aliangalia saa ya ukutani, akarudi mezani. Aliporudisha mkono wa simu mahali pake, ikalia tena papo hapo.

— Na huyu sasa ni nani?

— Mteja, mzee. Pokea.