Mluzi wa Fundi Birika

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi redio mliyemjua kwa jina la Birika. Jina hilo alilipata hapa hapa kituoni. Siku moja alikuja kutengeneza mitambo yetu, akapanda ngazi huku pumzi zinapiga mluzi kama birika linalochemka. Nikamtania hewani: "Jamani, chai imefika!" Mlicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Kumbe tulikuwa tunaucheka ugonjwa.

Miaka miwili alitibiwa pumu. Haikuwa pumu. Narudia, wasikilizaji: haikuwa pumu. Alivuta dawa ya pampu asubuhi na jioni, wala haikumsaidia. Picha ya kifua ilitoka safi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Birika hakuficha kitu. Maradhi yenyewe ndiyo yaliyojificha: kila alipokaa kitini mbele ya daktari, mluzi ulinyamaza. Akarudi nyumbani na pampu nyingine.

"Nilifika mahali nikamwona mume wangu anadeka," mkewe aliniambia juzi. "Mungu anisamehe."

Lakini fundi haiamini redio eti kwa sababu imeacha kukwaruza mbele yake. Birika alijichunguza, akagundua mambo mawili. Mluzi ulizidi akilala chali. Tena ulilia zaidi akivuta pumzi ndani. Dada yake, mwenye pumu tangu utotoni, mluzi wake hulia akitoa pumzi nje. Basi mchana mmoja alifunga mlango wa karakana, akatandika maboksi nyuma ya kabati la spea, akampa mkewe kinasa sauti.

"Weka maiki hapa shingoni. Dakika moja tu. Nikikoroma kama nguruwe, usizime."

"Na ukikata roho je?"

"Basi utakuwa na ushahidi."

Akalala chali. Sekunde ya ishirini, shimo la shingo likaanza kubonyea kila alipovuta hewa. Sekunde ya arobaini, midomo ikabadilika rangi. Macho yalimtoka.

"Niliogopa, ndugu yangu," mkewe anasema. "Niliogopa mpaka nikasahau kusali. Lakini sikuzima, kwa sababu alinikataza."

Daktari mwingine, mama wa makamo, aliisikiliza kanda hiyo mara tatu. Hakuanza na kifua. Aliweka kifaa chake shingoni, akamlaza kidogo, akamwinua haraka.

"Nani alikwambia hii ni pumu?"

"Kila mtu, daktari."

Kilichofuata kilimtisha kuliko yote. Walipitisha puani mpira mwembamba wenye kamera, naye yuko macho, maana kumlaza usingizi kungeweza kumziba pumzi moja kwa moja. Aliambiwa mapema: kinyama kikikatwa kwa ajili ya kipimo, huenda damu ikaziba tundu dogo la hewa lililobaki. Na tundu hilo lilikuwa na upana wa mrija wa soda. Birika alinieleza kwamba alizishikilia kingo za kitanda na kuwataja watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, asije akaung'oa ule mpira.

Ulikuwa uvimbe adimu wa njia kuu ya hewa. Daktari alisema katika kazi yake yote alikuwa ameuona mara mbili tu. Walimzibulia njia, wakampa mionzi. Kuukata wote hakukuwezekana, ulikuwa umeshuka mno. Alipata miaka minne. Alipanda ngazi zetu kimya, nami nikakosa la kumtania.

Mwaka huu uvimbe ulirudi. Siku ya Jumanne alitutoka.

Kwa mjane wake, watoto wake na dada yake: poleni sana. Nawaomba radhi kwa lile jina. Nanyi wasikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mtu mnayeicheka pumzi yake, leo msimcheke. Msikilizeni, kisha mpelekeni akasikilizwe tena.

Mkewe ameniruhusu kuwachezea ile kanda. Ni dakika moja. Mtatamani kuzima redio.

Msizime.