Sajini Akpene Kpodo na Lango la Wodi ya Wazazi

Wazee wa ukoo, maafande, majirani na ninyi nyote mliotoka mbali, familia inawaomba utulivu, isomwe safari ya mpendwa wetu, Sajini mstaafu Akpene Kpodo, tuliyemrudisha leo nyumbani Kpando.

Marehemu alizaliwa hapa Kpando tarehe 14 Februari 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Dotse na Mama Abla, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1979, kisha chuo cha ukunga mjini Ho, na tarehe 3 Septemba 1983 akaandikishwa jeshini, akapangiwa hospitali ya kambi moja ya kaskazini, ambako wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne na mkunga mmoja tu, yeye.

Alifunga ndoa na Mwalimu Yao Agbenu tarehe 22 Aprili 1987, wakajaliwa watoto wawili, Edem na Sena, na waliomjua watakumbuka kwamba alikuwa mkali, mgumu wa kucheka, na aliwaita wajawazito wote "mwanangu", hata waliomzidi umri.

Tarehe 9 Agosti 1997, saa nane mchana, Rahinatu, mke wa askari aliyekuwa Lebanoni kulinda amani, alifika langoni mwa hospitali ya kambi akiwa na uchungu, na amri ya wakati ule ilisema mke haingii wodini bila kadi ya jeshi ya mumewe, nayo kadi, kama ilivyokuwa kwa wengi, mume alikuwa ameondoka nayo mfukoni mwa gwanda akidhani anaitunza, basi askari wa zamu, ambaye ni mdogo wa marehemu wa tumbo moja, Koplo Selasi Kpodo, huyu anayewasomea, akamwambia, "Mama, bila kadi mimi sina la kufanya, jaribu hospitali ya mjini," na Rahinatu akafia njiani pamoja na mtoto wake, ilhali marehemu alikuwa wodini, hatua mia mbili kutoka pale, na vitanda viwili vilikuwa vitupu.

Kwa karibu miaka miwili marehemu hakula akple, ugali wetu wa mahindi, nyumbani kwa mdogo wake, na kila Jumatatu alisimama na sare yake mbele ya ofisi ya mkuu wa kambi, hata siku moja mkuu akamwambia, "Sajini, hii ni hospitali ya askari, si ya kuzalisha," naye akajibu, "Ndiyo, afande, ila hao askari sijui tuliwaokota wapi." Tarehe 1 Machi 1999 amri ikabadilishwa, tumbo liingie kwanza, kadi itafutwe baadaye, na mwaka 2004 akaanzisha kliniki ya magonjwa ya wanawake kila Alhamisi, akiwapokea hata wajane ambao majina yao yalifutwa kwenye daftari la kambi waume zao walipozikwa.

Alistaafu mwaka 2016 lakini Alhamisi hakuiacha, akawapima mamia, na yeye alipoambiwa apimwe alisema kuna foleni, wiki ijayo, na kweli mganga hajigangi, kwani saratani ya mlango wa kizazi ilipogunduliwa tarehe 10 Novemba 2022 ilikuwa imekwishaenea, naye akafariki tarehe 3 Mei 2023, saa tano asubuhi, katika wodi ile ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua, na wakunga wenzake waliomwogesha. Inaumiza, na hatutajifanya kwamba haiumizi.

Siku nne kabla hajafa marehemu alimwita mdogo wake, akamwambia, "Historia yangu utaisoma wewe, na ukifika kwa Rahinatu usiruke." Koplo hakuwahi kumwomba radhi mbele za watu, wala dada yake hakumdai, ila aliacha amri, nayo imesomwa kama alivyoitaka.

Pumzika, dada, lango liko wazi.