Nyama Mbichi kwa Paka wa Kavata

Kila mfuga kuku wa Muthetheni anajua kwamba paka halishwi nyama mbichi, asije akazoea kula vifaranga. Ndivyo Mwalimu Kasyoki alivyomsikia Kavata akimweleza jirani yake wa basini, Waithira mwuza kuku, huku paka wake aliyekonda amelala kikapuni.

"Mimi humpa ugali na maziwa."

"Basi mama, atakufa na adabu zake."

Mwalimu alikohoa ili asicheke. Waithira akatoa moyo mbichi wa kuku. Paka, aliyekataa chakula siku mbili, akaula wote. "Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na ini kiasi."

"Na niko na vifaranga kumi, je?"

"Akishiba, atawatakia nini?"

"Hujamjua huyu."

Basi likasimama. Kavata alipokea mfuko wa mioyo ya kuku aliopewa bure na Waithira, akamwachia papai, kwa kuwa hakupenda kubaki na deni la mtu asiyekubaliana naye.