Siku Gesi Iliponyamaza Mwankoko

Wasikilizaji wapendwa, leo nina uchungu, na sitauficha. Tunamkumbuka Agripina, mama Eliana, fundi wa mtambo wa majitaka hapa Mwankoko. Alituacha wiki iliyopita. Gesi ya mtambo wake ndiyo iliyomuua.

Majitaka yetu yanaingia kwenye tangi lililofunikwa. Yakichacha yanatoa gesi. Gesi inaendesha jenereta. Jenereta inawasha taa za zahanati ya jirani, na joto lake linachemsha maji ya wodi ya wazazi. Mwanzoni watu waligoma. "Chai ya chooni hiyo, sisi hatunywi!" Agripina akaenda wodini, akamimina kikombe, akanywa mbele yao. "Haya, nimekufa?"

Mumewe, mzee Manase, ameniambia: "Alikuwa ananitania. 'Baba Eliana, ukiona nimerudi nanukia vizuri, ujue nimefukuzwa kazi.'"

Sasa sikilizeni neno hili. Gesi hiyo inanuka kama yai viza. Mtamboni, ikinuka, walisema "inaongea." Harufu ikikata, walisema "imenyamaza," maana yake ingia, ni salama. Ndivyo walivyozoea. Kipima gesi waliomba. Wakajibiwa kiko njiani. Mpaka leo kiko njiani.

Asubuhi ile jenereta ilizima, na zahanatini mama mmoja alikuwa anajifungua. Agripina akashuka kwenye shimo kutoa maji yaliyoziba bomba la gesi. Mwenzake Fabiano alisimama juu. Anasema: "Nilimuuliza, dada, inaongea? Akajibu, iliongea, sasa imenyamaza. Halafu akakaa chini kama mtu aliyechoka."

Ilikuwa haijanyamaza, wapendwa. Gesi hiyo ikizidi, inaua pua kwanza. Narudia: ikizidi, pua hainusi tena. Harufu ikikata ghafla, usiingie. Kama umeshaingia, toka!

Mtoto alizaliwa salama, kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni. Mtambo umefungwa. Taa za wodi zimezimika, na mimi sijui zitawaka lini.

Eliana aliniambia kwa sauti ndogo: "Tulimwosha mama. Alikuwa hanuki kitu kabisa. Hapo ndipo nilipolia."

Mzee Manase, shikamoo, na pole sana. Eliana, pole mwanangu.

Wasikilizaji, hapa huwa nawaomba tunyamaze kidogo kwa heshima ya marehemu. Leo siwaombi. Anayejua kipima gesi kimefika wapi, aseme.