Mtu Aliyefunikwa kwa Rangi

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Novemba 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mazizi ya farasi wa kukodisha, mahali ambapo baba yetu alikuwa mtunzaji. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni dada yake anayewasomea wasifu huu, ambaye familia imemwomba asipige porojo. Marehemu aliwajua farasi kabla hajajua kusoma. Mama alisimulia kwamba siku moja, marehemu akiwa na miaka mitatu, alimkuta amelala fofofo kwenye nyasi kavu, katikati ya miguu ya farasi jike mzee ambaye hakuthubutu kusogeza hata kwato moja.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Hesabu zilimpiga chenga, na madaftari yake yote yalijaa farasi. Mwalimu aliyemchapa kwa ajili hiyo ndiye aliyekuja kumwomba picha alipostaafu. Masomo yalikatika Jumamosi ya tarehe 6 Juni 1964. Asubuhi hiyo baba alikuwa uani akisafisha kwato za jike mmoja, dume mkorofi akatoka zizini, na baba akabanwa ukutani. Alifariki kabla ya saa sita mchana. Kazi ya kufunga komeo la zizi lile ilikuwa ya marehemu. Mama alimuuliza mara moja tu, dada yake akiwa amesimama pale pale: "Ulifunga?" Akajibu, "Nadhani nilifunga, Mama." Hiyo "nadhani" ilimkaa moyoni miaka sitini, na nyumbani kwetu hakuna aliyeigusa tena.

Mwaka 1965 aliingia karakana ya seremala mmoja, akajifunza kupiga randa, na kwa mabaki ya mbao akaanza kazi iliyompa jina la Fundi Farasi. Hakuchora kwenye kitambaa, alisema kinayumba. Alipenda mbao za milango na makabati ya zamani kwa sababu zilikuwa zimeshamaliza kujipinda. Aliupiga ubao randa na msasa, akaupaka gundi, kisha mikono sita, yaani matabaka sita, ya rangi nyeupe, kila mkono ukikauka siku nzima. Farasi alimchora kwa mkaa akianzia kwatoni. Farasi akianzwa kichwani, alisema, hakanyagi chini. Farasi akikamilika kwa rangi ya mafuta, alimchora mtu wa kumshika kamba: mwenye kofia, mikono ya shati imekunjwa, uso kamili hadi kovu la kidevuni. Sisi tuliomjua baba hatukuhitaji kuambiwa ni nani. Baada ya siku tatu alichukua brashi pana na kumfunika mtu huyo kwa rangi ya ukuta uliochorwa nyuma yake, mpaka ikabaki kamba inayoning'inia hewani. Wateja walidhani ni mtindo wake.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa na duka mkabala na karakana. Alikuwa amempelekea ubao mdogo, kwa haraka na kwa woga. Binti akahesabu, akamwambia, "Farasi wako ana miguu mitano." Akajibu, "Huo wa tano ni wa kumleta huku." Walijaliwa mabinti wawili. Tangu siku ya ubao ule mkewe ndiye aliyekagua idadi ya miguu kabla ubao haujatoka.

Lakini rangi ya mafuta ikizeeka huanza kuonyesha kilicho chini yake, na marehemu alimfunika yule mtu kwa mkono mmoja tu, mwembamba, yeye aliyejua mikono sita. Mwaka 1998 daktari wa meno alikuja na ubao kwapani. "Fundi, kuna mzee anatokea kwenye ubao wako. Mke wangu hataki tena kukaa sebuleni."

Marehemu aliupeleka kwenye mwanga wa dirisha. "Anamtazama farasi, au anakutazama wewe?"

"Mimi."

"Basi niachie huu, uchukue mwingine."

Baada ya huyo wakaja wengine. Mbao kumi na moja zilirudi, akazigeuza zote zielekee ukutani, na mkewe akaacha kufagia karakana akiwa peke yake. Shemeji zetu walicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka 2021 mikono ilianza kumtetemeka, kisha figo zikamsumbua. Januari mwaka huu, akiwa wodini, alimwambia dada yake, "Mdogo wangu, ulikuwepo siku ile. Nilifunga?" Dada akamjibu, "Nyamaza upumzike." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nane na dakika kumi mchana. Dada alikuwa kwenye korido nje ya wodi, amekuja na jibu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja.

Kwenye kijitabu mlichoshika, wasifu unaishia hapo. Yanayofuata nimeyaandika kwa mkono asubuhi ya leo, na wifi yangu anayasikia kwa mara ya kwanza pamoja nanyi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilivuta komeo ili nimpe yule dume ganda la mkate, nikasikia naitwa, nikakimbia bila kulirudisha. Mama alipouliza, niliogopa. Baadaye niliona aibu, na aibu ikageuka mazoea.

Kaka, ulifunga. Niliyefungua ni mimi.

Apumzike kaka yetu, hakuwa na kosa.