Mwalimu Festus Waithaka, Aliyeketi Nje

Mchungaji Wakhungu, wazee wa kanisa, wanafunzi wa marehemu mliotoka Bungoma, majirani wa hapa Endebess, wifi yangu Chepkemei na watoto, na ninyi nyote mlioketi katika hema hizi mbili, hamjambo. Naitwa Nyaruai, mimi ni dada mdogo wa marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nilitaka asome Mathenge, mtoto wake wa kwanza, kwa sababu ana sauti na amesoma, lakini Chepkemei alikataa kabisa, akasema nitasoma mimi, na sababu yake mtaijua nikifika mbele. Mzee Kipsang, naona unatazama saa, najua ratiba inasema dakika kumi, lakini mtu huyu alitungoja zaidi ya miaka mitano, kwa hivyo nivumilie.

Festus Waithaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1936, katika shamba la mzungu lililokuwa huku huku Endebess, ambako baba yetu alikuwa amefika kutoka Nyeri kuchunga ng'ombe wa maziwa. Alikuwa wa kwanza, mimi wa nne, na wale wawili wa katikati walikufa wadogo, kwa hivyo tulikua wawili tu, nami nilimfuata kila mahali mpaka wenzake wakamcheka ati ameota mkia. Alianza shule ya shamba mwaka 1944, akapata cheti mwaka 1951, na mwaka 1953 serikali ya mkoloni ikatupakia kwenye lori, sisi na wengine wa kabila letu, ikaturudisha Nyeri, mahali ambapo mimi sikuwa nimewahi kupaona hata siku moja. Kaka alikuwa na miaka kumi na saba, alinishika mkono safari yote, na aliniambia baadaye kwamba tangu siku hiyo hakuweza kuvumilia kuona watu wakipangwa huyu huku, yule kule.

Alisomea ualimu mwaka 1957 na 1958, akapelekwa Kimilili mwaka 1959 kufundisha shule ya msingi, na huko alikuta Walutheri wachache wakikutana siku ya Jumapili katika darasa lake. Yeye hakwenda kusali, alikwenda kufunga madirisha wakimaliza, lakini mahubiri yalikuwa marefu, akayasikiliza akiwa ameshika ufunguo, na Pasaka ya mwaka 1961 akabatizwa. Tarehe 19 Desemba 1964 alimwoa Rebeka Chepkemei, binti wa Mzee Kibiwott wa Cheptais, na mimi nasema ukweli mbele ya jeneza hili, watu wa kwetu walinung'unika, na watu wa kwao walinung'unika zaidi, lakini wawili hao walikaa miaka thelathini na mitatu na sijasikia mlango ukifungwa kwa nguvu katika nyumba ile. Mungu aliwapa Mathenge mwaka 1965, Gathoni mwaka 1968, na Kibiwott mwaka 1972, majina ya upande huu na ya upande ule yakilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja.

Mwaka 1968 alikwenda Tanzania kusomea theolojia, akarudi mwishoni mwa 1971, na Januari 1972 akaanza kufundisha katika chuo kidogo cha Biblia nje ya Bungoma, akija nyumbani kila Ijumaa, hapa Endebess, tulikokuwa tumerudi sote. Hakutaka kuwa mchungaji, alisema wachungaji wanaitwa kwenye sherehe nyingi mno. Mwaka 1983 mgeni mmoja kutoka Ujerumani alimwachia kitabu cha zamani chenye habari za Matthias Flacius, na hapo ndipo kaka yangu alipopata rafiki aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka mia nne.

Najua wengi wenu mmechoka kusikia jina hilo, alilitaja hata akikamua ng'ombe, lakini nitalisema leo kwa ajili yake. Huyo Flacius alizaliwa mwaka 1520 katika mji wa Labin, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, akaenda Wittenberg, akasoma kwa Luther, akafundisha Kiebrania. Luther alipokufa na Kaizari akashinda vita, Walutheri waliamriwa kurudisha baadhi ya desturi za zamani za Kikatoliki, na wakubwa wao wakasema tukubali, haya ni mavazi na taratibu tu, wokovu haumo humo, amani kwanza. Flacius akakataa, akasema jambo dogo likiletwa kwa kulazimishwa, wakati mtu anapotakiwa kuikiri imani yake, halibaki dogo tena. Akahama Wittenberg akaenda Magdeburg, akafukuzwa Jena, akaondoka Regensburg, akaondoka Antwerp, akachokwa Strasbourg, na mwaka 1575 akafia Frankfurt, katika nyumba ya masista waliomficha baada ya mji kumwambia aondoke. Kaka hakumfanya malaika, aliandika wazi kwamba mtu huyo alikuwa na ulimi mkali na kwamba mengine alikosea kabisa. Maisha hayo aliyaandika kwa Kiswahili, kwa mkono, katika daftari thelathini na moja, ambazo mtaziona pale mezani kando ya picha.

Sasa nafika mwaka 1992, na nitausoma polepole. Wote mnajua mapigano yaliyopita huku, sitataja nani alianza, nyumba yangu ilichomwa mwezi wa tatu, yake ikaachwa kwa sababu Chepkemei ni wa kabila la mlimani, na nikahamia kwake na sufuria mbili. Kanisa letu halikuguswa, lakini watu waliogopa kuketi pamoja, na tarehe 10 Mei 1992 baraza la wazee wa kanisa liliamua kuwe na ibada mbili, ya saa mbili kwa watu wa mlimani, ya saa tano kwa sisi wengine, wa kwanza watoke kabla wa pili hawajaingia, tusikutane langoni. Walisema ni kwa muda. Hakuna aliyesema neno baya, Mzee Kipsang, wewe mwenyewe ulisema saa ni saa tu, Mungu hana saa, na watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa nimelala jikoni kwa kaka miezi miwili, sikutaka kumpa mkono mtu ambaye sijui Machi alikuwa wapi, na nilifurahi, sitadanganya.

Festus peke yake ndiye aliyesimama, akasema wakitaka kubadilisha saa kwa ajili ya mvua au kukamua, wabadilishe hata kila wiki, lakini Meza ya Bwana ikigawanywa kwa kabila, saa hiyo si saa tena, ni imani mpya, naye hataishiriki saa mbili wala saa tano, mpaka iwe moja. Wakamwambia, Mwalimu, sasa umeanza mambo ya Wazungu wako. Wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Siku ya Pentekoste, tarehe 7 Juni 1992, alibeba benchi alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao za saiprasi, akaliweka nje chini ya ukingo wa paa, akaketi. Tangu siku hiyo aliketi hapo kila Jumapili kuanzia saa mbili mpaka saa saba, mvua ya Endebess mnaijua, baridi yake mnaijua, daftari likiwa magotini. Ibada ya kwanza ikiimba, aliimba nao kupitia ukutani, ya pili ikiimba, akaimba nasi, na sisi wa kwaya tukikosea sauti tulinyamaza kidogo tumsikie yeye nje, tukamfuata. Katikati palikuwa na nusu saa ambayo wa kwanza wameondoka na wa pili hawajafika, Chepkemei ameshatoka na wenzake kama ilivyoamriwa, nami bado niko njiani, na nusu saa hiyo uwanja wote ulikuwa wake peke yake. Siku moja niliwahi mapema, nikamwona kutoka langoni, ameinua kichwa anatazama njia, kisha akatazama saa yake, akarudi kuandika. Sikuingia. Nilingoja wenzangu nje ya lango, nikaingia nao, nikampita nikamwambia habari ya asubuhi kama mtu wa mbali, na hivyo ndivyo nilivyompita Jumapili zote hizo.

Benchi hilo lina nafasi ya watu wanne, na yeye aliketi mwisho kabisa, pale mguu unapocheza, tukasema ni mazoea ya wazee. Desemba 1993 chuo kilimwandikia kwamba mtu asiyeshiriki Meza ya Bwana hawezi kuwafundisha watakaoihudumia, basi akapakia vitabu vyake Bungoma akarudi nyumbani kwa ng'ombe. Wanafunzi wake walimwandikia barua mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zikapungua, mwaka wa tatu alikuwa akienda posta Kitale na kurudi na gazeti tu. Mkewe alimwambia mara nyingi, baba Mathenge, si uingie tu, Mungu anakujua, mimi nimechoka kusali na mume wangu yuko nje kama mlinzi, naye alimjibu kwa upole kwamba yeye aende, asikose Meza kwa ajili yake, na kila Jumapili alimpigia viatu vyake rangi.

Septemba 1997 alianza kushindwa kumeza ugali, akatibiwa Kitale, akapelekwa Eldoret, na madaktari wakatuambia ni saratani ya koo la chakula na imechelewa. Akarudi nyumbani. Tarehe 20 Januari mwaka huu Mchungaji Wakhungu alikuja na mkate na divai ampe kitandani, na kaka, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, alisema atapokea kwa furaha, ila aombewe jambo moja, wawepo watu wawili wa kushiriki naye, mmoja wa saa mbili na mmoja wa saa tano, ili Meza iwe moja hata kama ni ya godoro. Mchungaji ni kijana, ametoka Bokoli juzi tu, aliogopa, akasema itabidi baraza likae. Baraza lilikaa Jumanne tarehe 27 Januari, likakaa Jumanne tarehe 3 Februari, likakaa Jumanne tarehe 10, na siku hiyo ya tatu likakubaliana kwamba litakaa tena Jumanne ya nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo sababu nasoma mimi. Siku ile ya tarehe 20, chumbani tulikuwa watu wanne. Kaka kitandani, Mchungaji na mkoba wake, Chepkemei kwenye kiti, na mimi mlangoni nimeshika chupa ya chai. Chepkemei ni wa saa mbili. Mimi ni wa saa tano. Watu wawili aliowaomba walikuwa mbele yake, na mkate ulikuwa mezani, na sisi sote tukaanza kuzungumza habari ya baraza, nani aandike barua, nani aipeleke. Kaka alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, nami nikamwuliza kama anataka chai. Akafumba macho akasema, haya, wazee wakae. Ee Mungu wangu. Chepkemei aliliona jambo hilo siku ya pili baada ya kaka kufa, tukiwa tunafua shuka, akaacha kufua akaniangalia.

Festus Waithaka alifariki Alhamisi tarehe 12 Februari 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja, bila kushiriki. Na kwa kuwa hakushiriki, baraza limesema leo azikwe bila kengele na Mchungaji asivae kanzu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Eldoret, waliomtunza bila kuuliza anasali saa ngapi, majirani wa pande zote mlioleta kuni, maji na maziwa, walimu aliofundisha nao Kimilili, wanafunzi wake mliochanga nauli mkaja, na wewe Mchungaji Wakhungu, kwa kuja kama ulivyo, kwa shati. Nawashukuru pia wazee wa baraza kwa kukaa.

Jana waliosimamisha hema waliuliza waziweke vipi, na kabla hatujajibu walikuwa wameshaziweka mbili, na leo ninyi mmeingia kila mtu kwa watu wake, hakuna aliyewaelekeza. Lakini kaburi tumechimba moja, na pale kichwani pake nimeliweka lile benchi. Sina neno la kuwaamuru. Nikikunja karatasi hii nakwenda kuketi, si pale mwisho kwenye mguu mbovu, hapo ni pake, nitaketi hapo kando yake alipokuwa anatuachia. Wifi yangu, njoo. Zitabaki nafasi mbili, moja nawaachia hema hii, moja hema ile, na Mchungaji ana mkate kwenye mkoba, nimemwuliza.

Lala sasa, kaka yangu. Nimechelewa sana, lakini nimekuja kuketi nawe.