Mota ya Kugeuza Gurudumu na Uoga wa Bi. Nerima

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chuo chetu cha ufundi hapa Umoja, Bi. Roseline Nerima anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Niliombwa niandike kwa furaha, na nitajitahidi, ila nasema wazi kwamba naogopa.

Alianza kufundisha karakanani kwa mota za mashine za kusaga unga, akamalizia na roboti. Roboti yetu ina magurudumu manne, kila moja na mota mbili: ya kulisukuma, na ya kuligeuza lielekee popote. Hiyo ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi. Ukiifungia giya za kasi, inageuza chapuchapu lakini haina nguvu. Ukiifungia giya za nguvu, inachelewa, na roboti imeshabisha hodi ukutani.

Wanafunzi walimbatiza jina Mathe Wasiwasi, yaani Mama Wasiwasi. Mwaka juzi waliinua roboti juu ya matofali, magurudumu yakiwa hewani yakageuka vizuri mno, na Zaid, nahodha wao, akamwambia, "Mathe, hii iko fiti, wacha uoga!" Siku ya wazazi, roboti ikiwa sakafuni na mzigo mgongoni, mota ilishindwa kugeuza gurudumu. Roboti ikanyoosha kuelekea mstari wa mbele, walikoketi watoto. Bi. Nerima akaizima. Alikuwa amesimama karibu na swichi tangu asubuhi.

Tangu hapo, hatuchagui mota kabla ya kuishusha roboti sakafuni, kuibebesha mzigo wote na kugeuza gurudumu likiwa limesimama, maana hapo ndipo huwa gumu zaidi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi tumecheka kwa sababu yake.

Leo, katika sherehe ya kumuaga, tunaonyesha roboti mpya. Mota na giya nimechagua mimi, na yeye alikataa hata kuzitazama. Nimezijaribu sakafuni hadi wenzangu wakachoka nami. Tulimwekea kiti cha heshima jukwaani, akakikataa. Ameomba kuketi mstari wa mbele na mjukuu wake, Whitney, roboti itakapopitia.

Asante, Bi. Nerima, kwa kila siku uliyoogopa kwa niaba yetu. Tunakuombea afya, amani na mapumziko yasiyo na wasiwasi. Ukiinua macho kutoka kwenye karatasi hii, tazama kwenye swichi. Nimesimama hapo tangu asubuhi.

Sylvance, karakana